Maili Moja Kila Upande wa Reli

Jumatatu usiku lando alituma meseji kwa grupu ya ploti. Fupi tu. Kuanzia mwezi ujao bedsita zinatoka Sh7,500 hadi Sh9,500. Sababu aliyotoa ilikuwa maneno mawili: "Mtaa umefunguka."

Kufunguka maana yake ni hivi. Kuna kastesheni hapa karibu, ile ambayo tangu niwe mtoto nimeijua kama mahali pa kuchomea takataka na kuoshea pikipiki. Sasa imepakwa rangi, imewekewa paa na taa, na asubuhi treni ya kwenda tao inasimama hapo. Basi. Maji bado yanakuja mara mbili kwa wiki, na ukipanda ngazi za ploti usiku bado unapapasa ukuta. Lakini mtaa umefunguka.

Nilikasirika vile mtu yeyote angekasirika. Halafu nikaanza kujiuliza, hii Sh2,000 imetoka wapi hasa? Lando hajaongeza chumba. Hajapiga hata rangi. Kitu kimoja tu kimebadilika, nacho ni treni, na treni hakuinunua yeye. Imenunuliwa na ushuru, wangu nikinunua bando na wako ukinunua mafuta ya kupikia. Sote tumechanga, halafu faida ya kwanza imeingia mfuko mmoja, na mimi naambiwa nilipe tena kwa kitu nilichokichangia. (Si ati lando ni shetani. Ana mkopo wa benki na watoto wa shule kama watu wengine. Mpe mtu yeyote nafasi ya kupandisha bei bila kutoa jasho, atapandisha.)

Nilidhani ni swali jipya. Nikaanza kusoma, na wasee, ni la zamani kuliko Nairobi yenyewe. Nairobi ilizaliwa ndani yake.

Wacha kwanza nieleze lugha ya wakubwa. Ukisikia kaunti au wizara ikiongea kuhusu usafiri mpya wa mjini, iwe ni treni ya kawaida, reli nyepesi au mabasi ya BRT, lazima pia utasikia kuhusu kupanga mji ufuate usafiri. Mmarekani anaitwa Peter Calthorpe ndiye alilisambaza wazo hilo sana, kwa kitabu chake cha 1993. Ni rahisi kulielewa. Chukua ramani, weka kalamu juu ya stesheni, chora duara la mwendo wa dakika 10 kwa miguu, kitu kama mita 800. Ndani ya duara ruhusu maghorofa, maduka chini, shule, kliniki, njia za watu wa miguu. Punguza maegesho ya magari. Watu wengi wakae karibu na treni, watembee, wasihitaji gari.

Mimi naliunga mkono kabisa, ijulikane. Nairobi ni mji wa watu wa miguu. Wanaotembea kila siku ni wengi kuliko wanaoendesha magari yao, hata kama barabara zetu zimejengwa ni kama ni kinyume. Shida yangu si duara. Shida ni kwamba kwetu duara lilishachorwa kitambo, na hatupendi kukumbuka lilichorwa na nani na nani alitolewa ndani yake.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao wakafa, wengi kwa magonjwa na ajali, si kwa wale simba wa Tsavo ambao filamu zinawapenda. Na kwa sababu reli inahitaji ardhi, serikali ya kikoloni ilichukua sheria ya India ya 1894 ya kutwaa ardhi, ikaileta huku, na kwayo ikajipa maili moja kila upande wa reli. Soma hiyo tena polepole. Mpangaji wa leo anaomba mita 800 kuzunguka stesheni. Hawa walijipa kilomita moja na nusu kulia, kilomita moja na nusu kushoto, treni ikienda, na hakuna mtu aliitwa kwa mkutano wa kutoa maoni.

Mwisho wa Mei 1899 reli ikafika kwenye uwanda wa kinamasi ambao Wamaasai walikuwa wameupa jina la maji yake baridi. Palichaguliwa kwa sababu za kifundi tu. Palikuwa tambarare, palikuwa na maji, na mbele kulikuwa na mlima mkali wa kupanda kuelekea Kikuyu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa, kwa hivyo injini na vifaa vilihitaji mahali pa kukaa. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, akahamisha makao makuu ya reli kutoka Mombasa. Hakuna aliyekuwa anawaza kujenga jiji. Walitaka yadi. Serikali nayo ikahamia hapa 1905, ikafuata treni vile mama mboga hufuata steji.

Unaweza kuiona hii historia kwa miguu, bila hata kulipa kiingilio. Simama nje ya stesheni ya Railway, angalia tao. Ile Moi Avenue unayopita ukielekea Archives iliitwa Station Road, kisha Government Road. Ilianza kama njia ya kutoka stesheni, hivyo tu. Maafisa wazungu walijengewa huko juu, upande wa Hill, mahali kinamasi hakifiki. Wahindi wenye maduka wakawekwa bazaar, na tauni ilipoingia, mwaka 1902, wakuu wa afya wakaagiza bazaar ichomwe moto. Wafanyakazi wa reli wakapewa landhi, yaani vyumba vya safu karibu na yadi. Na Waafrika? Mpango wa kwanza kabisa, ule wa mji wa reli, haukuwatengea mahali pa kulala. Kubeba mizigo, walipangiwa. Kulala, hapana.

Haikuwa kusahau. Fikira yenyewe ilikuwa kwamba Mwafrika mjini ni mgeni, anakuja kufanya kazi halafu anarudi rizavu. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya aliyeitwa Simpson aliletwa kuuchunguza mji, akapendekeza jamii zitenganishwe makazi. Kufikia 1920 mwanamume Mwafrika alikuwa anavaa kipande shingoni ili askari ajue ana ruhusa ya kuwa hapo au hana. Kwa hivyo ukiniuliza duara la kwanza la Nairobi lilikuwa na nini ndani, nitakwambia lilikuwa na stesheni katikati, na kila mtu amepimiwa umbali wake kutoka hapo kwa rangi ya ngozi.

Lakini sehemu iliyonitoa usingizi si ya Nairobi. Ni ya mbele kidogo, Naivasha na Nakuru.

Reli ilikuwa imegharimu karibu pauni milioni 5.5 za walipa ushuru wa Uingereza, na kule London wanasiasa walikuwa wanauliza hiki kitu kitajilipaje. Jibu la Kamishna Charles Eliot lilikuwa ardhi. Lete walowezi, wape mashamba kando ya reli, walime, wasafirishe mazao kwa treni, treni ipate pesa. Ukiangalia vizuri ni hesabu ileile ya leo: reli inapandisha thamani ya ardhi, ardhi inailipia reli. Tofauti ni kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe na ng'ombe wao.

Mwaka 1904 viongozi wa Wamaasai wakawekewa mkataba uliosema kwamba wao, kwa hiari yao, wameamua kuhamisha watu na mifugo hadi kwenye maeneo maalum mbali na njia ya reli. Sijabuni. Reli imetajwa ndani ya mkataba wenyewe. Wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini, na katikati pakabaki peupe kwa walowezi. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 wale wa Laikipia wakaambiwa Laikipia nayo inahitajika.

Huwa nalifikiria hilo kila nikiona bango la apartment limeandikwa "dakika tano tu kutoka stesheni." Kukaa karibu na reli kumekuwa mali hapa Kenya kwa zaidi ya miaka 120, na moja ya karatasi za kwanza kusema hivyo ilikuwa karatasi ya kuhamisha watu.

Babu yangu alifanya kazi relwe. Alikuwa fundi karakana enzi za East African Railways, na akapewa chumba kwenye landhi. Kimoja, choo cha pamoja, bomba la pamoja. King'ora cha karakana kilikuwa kikilia asubuhi mtaa wote unaamka, hata wale hawana kazi. Alitembea kazini dakika 8, alikuwa anapenda kuzihesabu. Nikikaa nikasoma vitabu vya mipango ya miji naona Babu aliishi ndani ya ile ndoto yao bila kuijua: kazi, nyumba, shule ya watoto, soko, uwanja wa mpira, vyote ndani ya duara moja. Kwa upande mwingine, nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha na nyumba imeisha. Alipostaafu alifunga vitu vyake akarudi mashambani, na hakulalamika, kwa sababu alijua masharti tangu siku ya kwanza. Lakini alikuwa amekaa ndani ya duara miaka mingi kuliko mtu yeyote aliyelichora, na hakutoka na hata inchi moja ya ardhi yake.

Halafu treni zikaanza kuzeeka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, reli ikagawanywa, Kenya Railways ikaundwa. Tayari 1973 Mzee Kenyatta alikuwa ameruhusu mathree zibebe watu bila zile leseni za mabasi, na kuanzia hapo mji ukakua kwa kufuata steji, si stesheni. Angalia Kayole, Pipeline, Zimmerman. Mashamba yakakatwa ploti, mathree zikafika, maghorofa yakafuata. Hiyo pia ni kupanga mji ufuate usafiri, ila bila mpangaji, bila mtaro, na bila pahali mtoto atacheza mpira.

Tulirudi kwa treni taratibu. Novemba 2012 Rais Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, mpya ya kwanza tangu uhuru, na unajua tuliizungushia nini? Maegesho ya magari. Yaani tulijenga stesheni kwa mtu ambaye tayari ana gari. Ploti na nyumba za pale zikapanda bei bila kusubiri mpango wa mtu yeyote, na zile geti zilizokuja baadaye zote zinaelekea barabarani. SGR ikaja 2017 na kituo chake cha Nairobi ukoo uleule. Mwaka 2020 zikaletwa zile treni za dizeli zilizotumika kwanza Uhispania, na stesheni ndogo za Eastlands zikaanza kufufuliwa moja moja, mpaka ya kwetu.

Katikati ya hayo yote kuna kesi moja ambayo kila mtu anayekaa karibu na reli anafaa kuijua, na ni wachache sana nimewauliza wakasema wanaijua.

Mwaka 2006, serikali ilipokuwa inaikabidhi reli kwa kampuni binafsi, ardhi na nyumba nyingi za relwe zilihamishiwa mfuko wa pensheni ya wafanyakazi, ili zilipe wastaafu. Muthurwa ikiwemo. Muthurwa ni landhi, kwa mguu unafika Railway kabla wimbo wa tatu haujaisha. Mwaka 2010 wakazi wakapewa ilani ya kuhama ili pale pajengwe kitu cha kisasa. Maji yakakatwa, ubomoaji ukaanza. Mpangaji mmoja na wenzake 11 wakaenda kortini kwa niaba ya mtaa.

Sasa hapa usikimbilie kuchagua upande. Mfuko wa pensheni haukuwa tajiri mwenye suti anayetaka jumba la kifahari. Ulikuwa unadaiwa pensheni na wazee, watu kama Babu, ambao walimaliza nguvu zao kwa karakana na sasa wanasubiri pesa ya dawa. Na waliokuwa ndani ya nyumba, wengi walikuwa wastaafu haohao, watoto wao, na wapangaji wa kawaida. Ardhi moja, karibu na stesheni moja, imekuwa ghali ghafla, na watu wa relwe wako pande zote mbili za karatasi ya mashtaka. Ikiuzwa, mzee wa Kakamega anapata pensheni, na mama wa Muthurwa anapoteza nyumba. Isipouzwa, kinyume chake.

Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa, ikiwemo haki ya makazi iliyo kwenye Katiba ya 2010, kwa vile walivyotendewa. Hakuwapa hatimiliki. Hakusema ardhi isiguswe milele. Alichosema, kwa ufupi wangu, ni kwamba hata kama una karatasi ya ardhi, huwezi kumtoa binadamu ni kama unatoa makapi, na akaigeukia serikali kuhusu kukosekana kwa sheria ya kusimamia uhamishaji wa watu. Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ikabadilishwa na utaratibu wa ilani ukaandikwa ndani. Kama siku moja utapewa ilani ya miezi mitatu badala ya kuamshwa na tingatinga saa kumi usiku, jua kuna wapangaji wa Muthurwa walisimama kwa foleni ya korti kabla yako.

Ila ilani si nyumba. Na korti haikuulizwa swali langu, la nani anakula faida. Kwa hilo ilibidi niangalie miji mingine.

Ule ambao wapangaji wote wanapenda kuutaja ni Hong Kong. Treni zao za chini ya ardhi, MTR, zilianza kubeba abiria 1979. Ujanja wao uko kwenye mpangilio wa pesa. Ardhi ya Hong Kong ni ya serikali, inakodishwa. Kabla reli haijajengwa, serikali inaipa MTR haki ya kujenga juu ya stesheni na karakana, na bei inapigwa kana kwamba hakuna reli inayokuja. MTR inatafuta kampuni ya mjengo, nyumba zinapanda, na kwa sababu sasa treni iko, bei ni tofauti kabisa. Ile tofauti, yaani ile Sh2,000 yangu mara milioni, inarudi kujenga reli. Mapema miaka ya 1980 waliweka juu ya karakana ya Kowloon Bay mtaa mzima wa fleti karibu 5,000, unaitwa Telford Gardens. Treni zinalala chini, watu wanalala juu.

Kabla hujashangilia, nyumba za Hong Kong ni kati ya ghali zaidi duniani. MTR hufaidi bei ikipanda, kwa hivyo usitegemee iishushe. Kinachowaokoa watu wa kawaida ni kitu kingine: karibu nusu ya watu wanaishi kwenye nyumba za umma au zilizopunguzwa bei na serikali. Wakija kutuuzia hadithi ya Hong Kong hapa, hiyo nusu ya pili huwa inabaki kwenye ndege.

Karibu zaidi na sisi kuna Addis Ababa. Septemba 2015 walifungua reli nyepesi, laini mbili zinazovuka mji mashariki hadi magharibi na kaskazini hadi kusini, zaidi ya kilomita 30, kwa dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Nauli ilikuwa birr 2 hadi 6, hata mwanafunzi angemudu. Nilikuwa naionea wivu sana ile treni. Na ukikumbuka kwamba Ethiopia ardhi yote ni ya serikali, ungesema hawa ndio watafanya vizuri, kwa sababu hakuna lando wa kunyakua faida.

Haikuwa hivyo. Katikati ya mji, mitaa ya zamani ya nyumba za kebele ilibomolewa. Lideta, ambako treni inapita, ni mfano unaotajwa sana, na leo pale kuna maghorofa na ofisi. Serikali ilijenga nyumba nyingi sana za kondominio, hilo lazima nilisifu, Kenya bado hatujafika hapo. Zikagawiwa kwa bahati nasibu. Lakini ardhi ya bei nafuu ya kujenga kwa wingi ilikuwa pembeni, kwa hivyo wengi wakapata funguo za mahali kama Koye Feche, mbali na reli. Kwa hivyo reli ikapita mahali walipokuwa wanakaa, na wao wakakaa mahali isipopita. Treni zenyewe zilikuwa 41, na miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri.

Addis ndiyo ilinibadilisha mawazo. Nilikuwa naamini dawa ni ardhi kuwa ya umma. Sasa naona ardhi kuwa ya umma ni mwanzo tu. Inabidi iandikwe, kabla ya tofali la kwanza, nani atarudi kukaa pale na kwa bei gani.

Na hapa nyumbani ndipo tuko sasa hivi, kabla ya tofali la kwanza, au tuseme karibu na la kwanza. Mradi wa Nairobi Railway City ni ekari 425, kuanzia Haile Selassie Avenue, Uhuru Highway, hadi Bunyala Road, kuizunguka stesheni ileile ya 1899. Rais Ruto aliuzindua Desemba 2022, na stesheni kuu mpya inasaidiwa na serikali ya Uingereza (ndio, wao tena). Mipango inataja stesheni, ofisi, maduka, nyumba, na nafasi za wazi. Michoro ni mizuri, kuna miti na watu wembamba wanaotembea na mbwa. Nimemtafuta kwenye hiyo michoro mama wa mitumba wa hapo nje na makanga wa mathree za Rongai, sijawaona, lakini labda ni ukubwa wa picha.

Sehemu kubwa ya zile ekari ni mali ya umma. Hiyo ni bahati ambayo mtaa wangu hauna. Huku kila ploti ina lando. Pale unaweza kukodisha ardhi bila kuiuza, ukaandika kwenye mkataba ni nyumba ngapi zitakuwa za mtu wa mshahara wa Sh25,000, na ziwe ndani ya mwendo wa dakika 10, zisipelekwe Athi River. Unaweza kuandika kwamba aliyekuwa akiuza pale anarudi kuuza pale. Huku kwetu kuna njia nyingine, na ni ya kuboesha kabisa: ushuru wa ardhi wa kaunti. Kwa zaidi ya miaka 30 Nairobi iliendelea kutoza ushuru wa ardhi kwa kutumia thamani za miaka ya mapema ya 1980. Fikiria. Barabara zimekuja, maghorofa yamekuja, treni imerudi, na kwenye kitabu cha kaunti ploti bado ilikuwa na bei ya enzi za Nyayo. Yote iliyopanda katikati ilienda kwa mwenye ploti. Na walipojaribu kuubadilisha huo mfumo, kelele kubwa hazikutoka kwa wapangaji.

Najua mtu ataniambia lando akitozwa zaidi atanitoza mimi. Labda. Lakini si tayari amenitoza? Hizi Sh2,000 zimepanda bila ushuru wowote kupanda. Angalau kama kaunti ingekuwa imechukua Sh500 kati ya hizo, ningejua ni nani wa kuulizwa kuhusu maji.

Nilijaribu kuongea na lando. Nilimwambia nimekaa hapa miaka minne, sijawahi chelewesha rent, anipunguzie hata nusu ya nyongeza. Alinisikiliza vizuri tu. Akaniambia kuna watu watatu wamempigia wiki hiyo wakitafuta nyumba karibu na stesheni.

Kwa hivyo nitalipa. Jirani wa chumba nambari nne hakuweza. Alihama Jumamosi, vitu vyake kwa mkokoteni, akaenda ng'ambo ya barabara kuu ambako bado bedsita ni Sh7,000. Yeye ndiye alikuwa anapanda ile treni kila siku. Mimi hufanyia kazi zangu kejani. Sasa asubuhi anashika mathree mbili.